Rangi Isiyo na Jina Dukani

Mto ulipoondoka sebuleni mwa Eduviges
uliacha mstari ukutani, usawa wa kiuno,
rangi ya maji ya kunde,
na kambare mmoja chini ya kabati la vyombo.
Kambare alimla. Mstari ulimshinda.
Aliusugua kwa sabuni, kwa siki, kwa matusi.
Mwezi wa tatu akaja dukani kwangu.

Mimi ni Nabor, mchanganya rangi wa Tlacotalpan.
Siuzi rangi moja kwa majirani wawili.

Nikampa kadi ya rangi mia mbili na kumi.
Akaipitisha kidole kama orodha ya majeruhi
anapotafutwa mtu wa nyumbani.
"Nyeupe ya lulu, nyeupe ya pamba, nyeupe ya maziwa.
Nabor, weupe wote huu, nani kafa?"

Kesho yake alileta nusu papai.
Nikakoroga: nyekundu tone, manjano matone saba,
nikapaka kibao, akaenda nacho.
Akarudi nacho kwapani.
"Asubuhi ni papai.
Saa nane, jua likiingia kwa mlango wa uani,
ni kidonda."

Akaleta kamba wa kuchemsha.
Akaleta unyoya wa kasuku wa Refugio,
aliouokota njiani, aliapa,
ingawa kasuku alishinda akilalamika mtaa mzima.
Akaleta mjukuu.
"Ulises, toa ulimi."
Ulimi ulikuwa zambarau kwa barafu ya matunda,
nami nikakoroga mbio mbio kabla mtoto hajameza mate.

Ukuta ukakataa.
Ukuta ukakataa tena.

Nikamwambia: Eduviges, kwa jua hili letu
rangi haitulii ilipopakwa.
Inashuka kitini, inaingia kwenye shuka,
kwenye bilauri ya maziwa, kwenye shavu la mgeni.
Usichague ya kuitazama.
Chagua ile utakayokubali ikupake na wewe.
Akanitazama kama muuza duka anayetafuta kufunga mapema,
na kweli ilikuwa Jumamosi.

Basi nikaenda kwake na chuma cha kukwangulia.
Pale kwenye mstari lipu ilikuwa imevimba,
ikatoka vipande vipande kama ganda la yai.
Kijani kwanza: "Huyu mume wangu, alipopata kazi ya kivuko."
Chini yake waridi: "Mama. Mwaka nilioposwa."
Chini yake samawati ya chokaa na buluu ya kufulia:
"Bibi, hakuwa na hela."
Chini kabisa, pa upana wa ukucha,
kitu ambacho si manjano, si udongo,
si asali, ila asali ikipita nyuma ya taa.
Akanyamaza.
Hakubaki mtu wa kuulizwa.
Akalowesha kidole kwa mate, akapagusa,
na ile rangi ikaamka
kama mzee aliyeitwa kwa jina la utotoni.

"Hii," akasema, na hakuongeza neno.

Siku mbili nilihangaika nayo:
chokaa, udongo wa manjano wa ukingo wa mto,
majivu kidogo, halafu bizari, ambayo ilikuwa kosa,
halafu bila bizari.
Daftarini niliandika: Eduviges, ndoo nne,
ya yule tusiyemjua.

Alipaka mwenyewe, ngazi ameshika Ulises.
Alipofika kwenye mstari wa mto akaukwepa,
akaacha ukanda wa upana wa kiganja kuizunguka sebule.
"Na mto umepaka," alisema. "Tena bure."
Saa nane nilikuwepo. Jua likaingia.
Hapakuwa na kidonda.
Kikombe cha kahawa mkononi mwangu kikawa cha mtu tajiri.

Wiki iliyofuata alikuja Refugio,
kasuku begani, mkia umepungua,
akaitaka rangi ile ile.
Nikampa kadi.
Akaanzia kwenye weupe.