Ada ya Kuingia

Jumamosi ya tatu ya mwezi, saa moja unusu asubuhi,
natandaza plastiki juu ya meza yenye mguu mbovu,
naweka jiwe karatasi zisipeperuke,
nafungua daftari.
Huku Njiru, timbo walilolihama wachonga mawe
ndilo uwanja wetu: ukuta wa kijivu
unaomeza kila tunachourushia
na haurudishi chenji.

Ada ni elfu moja na mia mbili.
Mwenye bunduki yake ya hewa, mia nane.
Mwanafunzi, nusu.
Shemeji ya mwenyekiti, bure, ila nisiandike.

Mali bila daftari, mama alikuwa akianza,
na hakuhitaji kumaliza.
Basi naandika.
Mutunga hulipa kwa simu, na hasogei hatua
mpaka ujumbe ulie mfukoni mwangu.
Jaswinder ana noti zilizonyooka kama zimepigwa pasi.
Okumu tunamdai tangu Februari;
kila mwezi ana kisa kipya, na visa vyake vitamu,
najikuta nimeandika: amelipa nusu.
Kwamboka, fundi wa maabara shuleni Kayole,
humimina sarafu kutoka kichupa cha sampuli.
"Zihesabu wewe," husema,
"mkono wangu usichoke kabla ya wakati."

Hatua kumi na mbili, karatasi yenye miduara,
na katikati doa dogo kuliko kitufe cha shati.
Risasi kumi kila mtu.
Pumzi inaingia, inatoka, inasimama mlangoni
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.
Hapo ndipo kidole hufanya kazi yake.

Mshindi wa kwanza: chupa ya chai.
Wa pili: vikombe sita, ambavyo ni vitano,
kimoja kilipasuka njiani.
Wa tatu: sukari kilo mbili.

Watu ishirini na wawili, elfu kumi na tisa na mia nne.
Toa kodi ya timbo. Toa karatasi. Toa mlinzi.
Toa chai na mandazi ya waamuzi, ambao ni wawili
na hula kama sita.
Toa *mengineyo*, neno nene alipendalo mwenyekiti.
Kinachobaki ndicho hicho: chupa ya chai,
yenye waridi ubavuni.

Kwamboka ameshinda mara tano.
Ya kwanza alimpelekea mama yake Keroka.
Ya pili iko chumba cha walimu.
Ya tatu iko kabatini, haijawahi kuonja maji ya moto.
Ya nne alimuuzia mama mboga kwa elfu moja na mia moja,
akaongeza mia, akaja akalipa ada,
akashinda ya tano.

Nilimwuliza, si ungeenda Gikomba
ukanunue mbili kwa bei hiyohiyo, ukalale?
Akafuta vidole vyenye rangi ya risasi.
"Wiki nzima naambiwa niharakishe.
Hapa nalipa nisiharakishwe."

Desemba huwa ni mbuzi.
Alifungwa kwenye mguu mzima wa meza yangu,
akala karatasi mbili za matokeo.
Mutunga na Kwamboka walifungana pointi, ikabidi warudie,
risasi moja moja, dakika moja.
Mutunga akagusa ukingo wa doa.
Kwamboka akainua mtutu, pumzi ikafika mlangoni,
na mbuzi akalia.
Akashusha.
Akainua tena. Tulinyamaza hata Okumu.
Mwamuzi alitazama saa, mkate wa sinia mdomoni,
na dakika ikakatika
risasi ingali ndani ya bunduki.

Mbuzi aliondoka na Mutunga, kifuani, juu ya bodaboda,
akitutazama kama anayetudai.
Kwamboka akavipokea vikombe vitano, akavigonga kimoja kimoja
kwa ukucha, akisikiliza.
"Basi," akasema, "leo nimepata vya kumiminia."

Jioni nikapiga mstari, nikajumlisha:
ada huku, zawadi kule, na katikati
dakika moja ambayo sikujua niiweke safu gani.
Mwenyekiti akachungulia juu ya bega langu.
"Iandike kwenye mengineyo," akasema.