Bwana Shamba, Kanali

Mama alimwita Verlyn. Wakulima walimwita bwana shamba.
Wikiendi moja kila mwezi walimwita Kanali Tveit,
naye hakugeuka upesi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina la kaka yake.

Ndani ya gari lake la serikali mlikuwa na koleo,
keekee ya kutobolea udongo, vifuko vya karatasi
vyenye majina: Haugstad, kona ya kusini. Brekke, bondeni.
Alionja udongo. Nilimwona. Aliuweka ulimini,
akatema, akasema, "Chumvi inapanda hapa,"
na mzee Brekke aliapa kuwa maabara
ilichukua wiki tatu kusema hilohilo.

Sare ilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni
juu ya ovaroli yenye harufu ya ndama.
Usiku wa Machi, ng'ombe wakizaa,
alizamisha mkono hadi begani, akavuta uhai kwa miguu,
akanawa, akavaa kofia, akaenda kukagua gwaride.
Kucha zake zisingepita ukaguzi wowote.
Mkaguzi alikuwa yeye; nani angesema?

Mwaka ule wa theluji ya futi sita
mto ulizisahau kingo zake.
Dakota Kaskazini ni bapa kama sinia;
maji hayaji mbio, huja kama mgeni asiyepiga hodi,
unaamka yamo sebuleni.
Siku nne vijana wake walijaza viroba vya mchanga,
vidole vimepasuka kwa baridi. Siku ya tano
alitandaza ramani juu ya boneti ya lori.
Mji, watu elfu nane, hospitali moja.
Barabara ya mashariki ilikuwa imeyazuia maji.
Ikikatwa, mji unapona.
Ng'ambo yake ilikuwa ngano, imelala chini ya theluji,
ekari mia nne za Haugstad, na zetu.

Ardhi ile aliijua kwa ulimi.
Alikaa kimya muda wa sigara kuungua,
ingawa hakuvuta. "Kateni."

Haugstad alisimama tutani na bunduki ya kuwindia bata,
haikuelekea popote. "Verlyn, nani kasema?"
Palikuwa na vyeo vingi juu yake vya kujifichia.
"Mimi."

Husemwa sheria ni msumeno.
Haisemwi msumeno hushikwa na mkono,
na mkono huohuo jioni hutakiwa ukate mkate.
Usiku ule mkate aliukata Mama.

Mei, bwana shamba aliegesha langoni kwa Haugstad.
Kuandika hasara nayo ilikuwa kazi yake,
kaunti nzima haikuwa na mwingine.
Alitoboa, akapima, akaandika,
ekari za jirani hakupunguza hata moja.
Za kwetu hakuziandika. Mtu hajipimii.
Haugstad alikuja na chupa ya kahawa, vikombe viwili.
Akamimina kimoja, akanywa.
Akakitazama cha pili, akakitazama,
akakiweka juu ya boneti, kitupu,
akaenda zake.

Medali zimo drooni pamoja na betri zilizokufa.
Kikombe kiko dirishani.
Humo ndimo alimooteshea mbegu za majaribio
kila mwaka kabla ya kupanda,
na sasa naotesha mimi, nazihesabu kwa sauti ili asikie.
Ukimwita Kanali, hageuki kabisa.
Ukisema udongo,
ulimi wake unasogea kinywani.