Kidole cha Uongo

Miguu ya mbele inachapa maji
kama anayefukuza nyuki;
makalio yanazama.
"Nyanyua mkia, Nappi," anasema Oiva,
kiganja chini ya tumbo la mbwa,
Ziwa Saimaa likimfika mbavuni,
baridi hata Julai.

Siku tatu, mkono mzima.
Ya nne, vidole viwili.
Leo kimoja, tena cha uongo,

na miguu ya nyuma imeamka,
mgongo umelala sawa na maji,
kichwa kinakwenda, hakirushi tone.

Anaupita mwamba. Anayapita mayungiyungi.
Oiva ananyanyua mguu amfuate,
anaurudisha kwenye changarawe.

Miaka sitini na minane kando ya ziwa hili,
hakuna aliyemshika tumbo.

"Nappi, inatosha!"
Sauti yake inafika asikofika.