Visigino

Wiki tatu gari langu lililala Grogan kwa fundi Njogu,
tumbo wazi, gia boksi ndani ya beseni
kama matumbo ya mbuzi yanayongoja kuoshwa,
nami nikaazima baiskeli ya shemeji.

Kabla ya hapo, nakiri, nilikuwa mtu wa honi.
Barabara ya Mbagathi, saa moja na robo, kila asubuhi
mbele yangu mkokoteni wa maji:
mitungi ishirini ya njano, imepangwa kama ukuta,
na chini ya ukuta visigino viwili, vyeupe kwa vumbi.
Mwenye visigino sikuwahi kumwona.
Kiyoyozi kikinipuliza, redio ikininong'onezea,
nilimchukia. Sisemi nilikasirika.
Nilimchukia dakika nne kamili, hadi kwenye taa,
nikamsahau,
kesho yake nikaanza upya.

Baiskeli ilinifunza kwanza woga.
Vioo vya magari vilinipita kama viwiko vya watu wenye haraka.
Basi lilinipumulia mguuni pumzi ya jiko.
Halafu nikagundua kwamba Mbagathi ina mlima.
Miaka tisa napita pale, mlima sikuujua;
mguu wa kulia ulikanyaga kidogo, ukaisha.

Na wale waendao kwa miguu, kundi kwa kundi,
kutoka Kibra kuelekea viwandani,
niliodhani wamebeba huzuni kwa kuwa hawakubeba funguo,
kumbe walikuwa wanacheka!
Mmoja anasimulia jinsi mwenye nyumba wake
alivyofukuzwa uani na bata wake mwenyewe,
nami nikapunguza mwendo nisikose mwisho.

Siku ya tano honi ikalia nyuma yangu.
Sikusikia "nipishe."
Nilisikia nimetukaniwa mama.

Nikakimbilia ubavuni mwa mkokoteni kama kifaranga,
na hapo ndipo nilipouona uso:
ndevu chache, jasho limeganda chumvi kwenye nyusi.
"Dada, shika kushoto," akasema, "mbele kuna shimo."
Jina lake Mulwa. Tukapanda pamoja,
yeye akihema, mimi nikihema.
"Kuna gari moja jeupe," akaniambia,
"hulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.
Siku hizi silisikii. Labda mwenyewe amekufa."
Nikasema, "Labda."

Jumatatu Njogu akanirudishia funguo.
Nilipofungua mlango, hasira ilikuwa imeketi ndani,
mkanda imeshafunga, inaniuliza nilikuwa wapi.
Saa moja na robo. Ukuta wa njano. Visigino.
Mkono ukaenda wenyewe;
nikaukalia.
Dakika nne ni ndefu ukiwa umekalia mkono.
Nikavitazama vikiupanda ule mlima, kimoja, kingine,
na nyuma yangu mtu
anayeona bampa tu, na namba yake,
akaanza kunipigia.