Siku ya Tatu

Walikuja watatu, kwa boti ya injini mbili kutoka Manda.
Maji yalikuwa yamekupwa; walipanda gatini viatu mkononi,
suruali zimekunjwa kama za watoto wa chuoni.
Niliwapokea mimi. Kazi yangu ni maneno,
mshahara wangu hutoka Hazina kila tarehe ishirini na nane,
kwa hivyo hata salamu zangu siku ile zilikuwa na muhuri.

Taasisi yetu iko Mkomani, nyumba ya kukodi,
zidaka zimejaa mafaili pahala pa sahani za kale,
na kiyoyozi hudondosha maji kwenye ndoo ya Lali Famau,
bawabu, ambaye humwagilia kwayo mrehani wake.
Humo ndimo tunamofikiri kwa niaba ya Serikali.
Humo ndimo ilimoandikwa Taarifa Namba Saba:
kwamba watu wa Uziwani wamekuja juzi,
hawana asili, na bonde liko wazi.

Balozi wa kwanza, mrefu, mwenye kikohozi,
alisema neno moja la kwao, akalirudia,
akalikandamiza mezani kwa kidole.
Nilikuwa na matatu ya kuchagua.
Mageuzi: Daktari Shekuwe angeinuka akaondoka.
Marekebisho: hayo ni ya nukta na koma.
Matengenezo ni ya paa na pampu.
"Wanaomba matengenezo, Daktari."
Akatabasamu. Akaitazama dari.

Wa pili hakuwa na subira ya kuzunguka:
bodi ivunjwe, taarifa ifutwe, fedha zihesabiwe,
la sivyo ule mtambo wa kuhifadhi damu hospitalini
utabaki ndani ya kontena Mombasa.
Hilo sikulipunguza. Nililitoa zima, ulimi umekauka;
mke wa kaka yangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ndipo Daktari akajiegemeza, akajipepea na ajenda:
"Waambie, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."
Nikatafsiri. Jembe kwa jembe, siku kwa siku.
Yule wa tatu, mwanamke mwenye miwani ya kamba,
alifurahi, akaandika: wako tayari kushirikiana katika kilimo.

Sikucheka. Nilikuwa nikiliwaza jembe.
Bi Khamsa wa Uziwani analo la babu ya mamake,
mpini umebadilishwa mara sita, chuma kimelika.
Ikiwa siku ya tatu ndiyo ya jembe,
ya kwao ilipita kabla ya rupia kuwa shilingi,
nasi tukawaandikia siku ya kwanza.

Tukawaandikia. Niseme vizuri: niliandika.
Rasimu ilishuka kutoka Nairobi kwa lugha ya maofisi,
neno lake lilikuwa baridi, lingeweza kuwa "wakaao".
Nikaweka "wavamizi". Ilikuwa saa kumi na moja,
nina harusi ya kwenda Langoni,
na hilo ndilo lililokuja kwanza.
Hakuna aliyenituma.

Miezi minne baadaye matengenezo yalifika.
Kibao kilishushwa: Taasisi ikawa Kituo.
Daktari akawa Mshauri Mkuu, chumba kile kile, kiti kipya.
Mtambo wa damu uliteremshwa gatini, watu tisa wakiubeba,
na sitasema ni kidogo: mtoto wa kaka yangu ana jina.
Taarifa Namba Saba imekuwa Namba Saba B.
Nimeletewa niipitie. Ukurasa wa arobaini na moja
mabalozi wamepiga mstari mwekundu chini ya neno langu,
na pembeni wameuliza, kwa upole, kama liko jingine.

Lali Famau ameingia kumwaga ndoo.
Nimemuuliza: mtu aliyekaa pahala vizazi vitano, mwamwitaje?
Akanitazama kama aliyeulizwa jina la maji.
"Mwenyewe," akasema,
akatoka, na ndoo ikimchuruzikia mguuni.