Ndulele

Tulimkuta mfukoni mwa koti la mtumba,
koti zito la baridi ya kwao, si ya kwetu,
mama alilolichambua soko la Tandale, Tukuyu,
mwezi wa sita, mvua ikiwa haijaamua kuondoka.
Ndani ya bitana kulikuwa na kitu kigumu:
kimashine cha kijivu, kioo kina ufa,
na ndani ya kimashine, yeye.

Jina lake hatukuweza kulisoma.
Maandishi yalikuwa njiti za kibiriti zilizomwagika.
Lakini alikuwa wa duara, wa njano, ana miiba shingoni,
na Ipyana, binamu yangu, hakufikiri mara mbili:
"Huyu ni Ndulele."
Kama lile tunda la kando ya njia
ambalo hata ng'ombe hulipita.

Mtoto mwingine alimlea kabla yetu.
Alimwacha darajani, usiku, karibu na mji wenye taa,
kama mtu aliyeitwa kula akasema nakuja.

Betri tuliziiba kwenye redio ya baba mdogo.
Zikichoka tunazing'ata,
tunazianika juu ya bati; lakini jua la Tukuyu
ni mgeni wa kuagia mlangoni,
basi tunazipanga kando ya figa, ubavuni mwa chungu cha kande,
mpaka bibi aulize nani anapika risasi.
Tukipata robo saa, ni mali.
Robo saa Ndulele anapigana na popo wa mapangoni,
na konokono wenye moto mgongoni,
na kitu kirefu kinachotoka ziwani
ambacho Ipyana aliapa kinakaa Ngosi,
kule juu, chini ya maji yasiyo na mto.

Akishinda mara nyingi, mwili unamwasha.
Kioo kinakuwa cheupe. Muziki unakatika.
Anaanza kurefuka, miiba inatafuta kuwa kitu kingine,
na hapo mimi nabonyeza kitufe cha kushoto.
Kila mara.
Anarudi wa duara. Anapiga chafya.

"Mwache akue!"
"Akikua hatakuwa yeye."
"Sasa atakuwa nani, mwalimu wa hesabu?"

Tuligombana hivyo misimu miwili ya parachichi.
Ni baadaye sana, nikikifuta kimashine kwa kanga,
nilipoona kitufe cha kushoto kimelika,
kina kishimo cha kidole gumba
kidogo kuliko changu.

Ipyana alikwenda Chunya na miaka kumi na sita,
kwa lori la viazi mpaka Mbeya, halafu sijui.
Aliporudi Krismasi alikuwa na sauti ya pipa,
ndevu tatu, na vumbi jekundu nyuma ya masikio
lililokataa maji ya moto na dodoki.
Alikaa kwenye kigoda chake; magoti yakamfika kidevuni.
Mama akamwita "baba" kwa utani, naye akaitika.
Nilimtazama akila.
Kidole changu gumba kikatafuta, pembeni mwa sahani,
kitu cha kubonyeza.

Usiku ule nilimpa kimashine
na betri za dukani, bado zina nailoni yake.
Alicheza bila kusema.
Vidole vyake vilikuwa vinene mno sasa,
akibonyeza kimoja anabonyeza viwili.
Popo wakaanguka. Konokono wakazimika.
Kioo kikawa cheupe, na uso wake pia.
Akanitazama, mkono umesita juu ya kile kitufe.

Sikusema kitu.
Nje ukungu ulikuwa umeshukia migomba,
mbwa wa jirani akibweka kitu asichokiona.
Muziki ukakatika.
Ndulele akaanza kurefuka,
nasi tukagonganisha vichwa kwenye ule ufa kuona.

Kwanza yalitoka masikio.

"Makubwa," akasema Ipyana.