Mita Mbili kwa Tatu

Nilipima kwa utepe wangu wa kushonea,
ule wa manjano, uliofutika pale penye themanini
kwa kuzungushwa viunoni mwa wateja.
Mita mbili kwa tatu, nyuma ya nyumba,
kati ya pipa la mvua na ukuta wa Mama Kasoki.

Miaka ishirini na mitatu mbele ya cherehani:
shingo imezoea kutazama sindano tu,
bega moja limepanda, jingine limeshuka,
mizani ya muuza unga asiyeaminika.
Daktari wa viungo alinigonga uti wa mgongo
kama mtu anayebisha mlango wa jirani mgonjwa.
"Huu mgongo," akauliza, "ulilala lini mara ya mwisho?"

Nikauza suti ya harusi ambayo mwenyewe hakuirudia.
Nikapata mbao kumi na mbili za Masisi,
mabati manne, moja lina tundu,
nikapunguziwa bei kwa ajili ya tundu.

"Banda la mbuzi?" Mama Kasoki aliuliza juu ya ukuta.
"Pa kufanyia mazoezi. Na kupumzika."
Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka.
"Unataka mazoezi? Chukua bidoni zangu, nenda ziwani!"
Sikuwa na jibu.
Nilichukua bidoni: mbili, zilizopasuka shingoni.
Nikazijaza mchanga.

Fundi Bauma akaja na mtaimbo.
Huku kwetu Katoyi huchimbi, unalibembeleza jiwe.
Asubuhi nzima cheche na matusi ya chini chini,
akapata shimo la kutosha kikombe cha chai.
Kisha akaliona lile nundu la makoro
lililolala katikati kabisa ya kipimo changu,
jeusi, ng'ombe aliyegoma kusimama.
"Hili linavunjwa," akasema,
akitemea viganja mate.

Mama yangu akatoka na ungo wa mchele.
Hakupaza sauti.
"Chini ya hapo pana jiko langu.
Pana sufuria ya maharage niliyoyabandika Januari ile
mlima uliposhuka mjini bila kualikwa.
Sikuyaepua.
Asiyaguse mtu."

Bauma akanitazama mimi,
mimi nikautazama utepe,
nikaukunja, nikautia mfukoni.

Basi nguzo zimelizunguka,
paa limeinama upande mmoja kulipisha,
na anayeingia lazima aingie kwa ubavu.
Si nyumba nzuri. Bauma hataki niseme ni yake.

Lakini saa kumi na moja alfajiri,
kabla ya moshi wa makaa, kabla ya vumbi la pikipiki,
nafunga vipande vya kitenge kwenye boriti,
navuta mpaka bega lile la juu linung'unike,
nanyanyua bidoni, kumi, kumi na mbili,
mchanga unasogea ndani kama mtu anayejigeuza kitandani.
Halafu nalala chali juu ya nundu.

Nani angejua? Limepinda
pale pale nilipopinda mimi, ila kinyume.
Linanipokea pingili kwa pingili,
na kitu fulani katikati ya mabega
kinalia kama kifungo kinachoachia uzi.
Juu, kupitia tundu la bati,
kuna nyota moja. Siku nyingine ni tone la mvua, jichoni.

Jana jioni umeme ulikatika mapema,
na wingu la juu ya mlima likawa jekundu, kama kawaida.
Mama akaja kwa ubavu, akishika nguzo,
akakaa juu ya jiwe, akavua kandambili.
Jiwe lilikuwa bado na joto la mchana.
Aliweka kiganja pale, akakiacha muda mrefu,
kama anayesikilizia tumbo la mjamzito.

"Bado," akasema.

Kisha akanyoosha miguu yote miwili mbele yake
na kuniuliza lile zoezi la vifundo linaanzaje.